Karai la Dhapu

Dhapu alikuwa mtoto wa kike wa tano katika nyumba iliyokuwa ikingoja wa kiume, na jina alilopewa ni lile ambalo wazazi wa kwetu hulitoa wakishachoka: tumeshiba, yatosha. Akina Dhapu ni wengi, na wengi wao hawalijali jina hilo. Yeye mwenyewe alilifanyia mzaha. "Afadhali mimi niliyewashibisha watu," alikuwa akisema. "Wapo waliozaliwa wakawaacha watu na njaa."

Aliolewa Bagru, mtaa wa wapiga chapa, na Gendilal, kijana mpole aliyejua kugonga muhuri wa mbao kwenye kitambaa bila kuacha mwanya kati ya ua na ua. Hawakukaa pamoja sana. Homa ilimchukua Gendilal mwisho wa masika, na binti yao Sugna alikuwa bado ananyonya.

Kwetu mjane kijana anaweza kuchukuliwa na mume mwingine, jioni, bila ngoma wala wimbo. Hiyo si aibu. Lakini mtoto hubaki kwa ukoo wa marehemu, kwa kuwa wanasema mtoto ni wa ukoo. Kaka zake Dhapu walikuja na habari ya mjane mwenzake, mwanamume mwenye nyati wa maziwa wawili na nyumba ya mawe. Dhapu aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mtoto?"

"Mtoto atabaki hapa, utamwona siku za sikukuu."

"Basi na mimi nimebaki," akasema, akainuka kwenda kuchochea moto.

Akabaki. Alivunja bangili zake, akaacha kuvaa nyekundu, akavaa sketi ya hudhurungi ambayo kwetu mtu akiiona kwa mbali anajua huyo hana mume. Alikaa katika nyumba ya kaka mkubwa wa marehemu mumewe, Chhitarmal, na mkewe Narangi. Chhitarmal hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutaka amani nyumbani, na amani ya nyumba ile ilikaa mkononi mwa Narangi. Dhapu hakuwahi kumwonyesha shemeji yake uso, wala kumsemesha. Ndivyo ilivyo kwetu, mke wa mdogo mtu hujifunika mbele ya kaka wa mumewe. Akitaka kumwambia jambo, alimwambia Sugna, na Chhitarmal, akiwa amekaa pale pale anasikia kila neno, naye alimjibu Sugna.

Kazi aliyopewa ni kupika rojo. Asiyejua kazi yetu hudhani rangi ndiyo kila kitu. Rangi ni maji tu. Uuchovye muhuri humo, uugonge kwenye kitambaa, itatambaa huku na huku kama umbea, na ua litakuwa doa. Kinachoishika rangi ikae pale ilipowekwa ni rojo. Dhapu alikaanga kokwa za ukwaju mpaka maganda yakapasuka, akazipwaga, akazisaga, akaupika ule unga mweupe huku akikoroga bila kupumzika, maana ukiacha kidogo tu unafanya mabonge. Kisha alichota kwa kidole, akakitazama kidole. Likidondoka upesi bado, likikataa kudondoka limezidi. Na nguo ikishagongwa na kukauka hufuliwa, rojo lote likaenda na maji kabla nguo haijachemshwa kwenye rangi. Sijawahi kumsikia mnunuzi akisifu rojo.

Nyumba ile ilikuwa na vyombo viwili vya kupikia. Palikuwa na sufuria ya shaba ya rojo la nyekundu, linalotiwa shabu, dawa inayobaki kwenye uzi rojo likifuliwa na kuifanya nyekundu ishike, na palikuwa na karai la chuma la rojo la nyeusi, linalochanganywa na maji ya chuma chakavu yaliyochachushwa kwa sukari guru. Sufuria ya shaba ilikuwa ya Narangi. Karai lilikuwa la Dhapu.

"Mkono wa mjane ni wa nyeusi," Narangi alikuwa akisema, na alilisema kama mtu anayekutajia siku ya soko. "Akigusa nyekundu, nyekundu inakufa."

Dhapu alijua sababu yenyewe. Alifundishwa na mama yake akiwa mdogo: shabu hula chuma, na chuma huiua nyekundu. Karai lile lilikuwa limenyonya kutu kwa miaka, na rojo lililopikwa humo, hata likionekana jeupe, lina chuma ndani yake. Mjane hakuhusika hata kidogo. Aliwahi kumwambia Narangi hivyo, mwanzoni mwanzoni, "Dada, ni chombo tu hicho. Nipe ya shaba, nami nitakupikia nyekundu uone." Narangi hakumsemesha mpaka mwezi ukaandama, na siku hizo zote mkate wa uwele aliowekewa Dhapu ulikuwa ule wa chini, uliokauka. Mtu anayekula kwa hisani hujifunza upesi. Tangu siku hiyo hakulitaja tena jambo la chombo, hata Sugna alipokua akawa anauliza.

"Mama, kwa nini huruhusiwi nyekundu?"

"Muulize mama yako mkubwa."

"Nimemuuliza. Anasema kwa sababu baba amekufa."

"Basi umeshajibiwa. Lete kuni."

Sugna alikuwa na kichwa kigumu kama cha mama yake. Aliachwa asome miaka mingi kuliko wasichana wengine wa mtaa, na kila alichosoma alirudi nacho nyumbani kama fimbo. Mambo ya kivuli cha mjane, ya mjane kutokutana na msafara wa arusi njiani, aliyaita ujinga mbele ya Narangi bila kupepesa macho. Narangi alimwambia, "Ulimi huo utakurudisha hapa mlangoni na talaka." Sugna akacheka.

Baadaye ukaja unga wa kiwandani. Wakala wake alitoka Ahmedabad na pikipiki, na magunia ya wanga uliokwisha kukaangwa na kutiwa dawa huko huko, ambao ulihitaji maji baridi tu na mkono wa kukoroga. Narangi aliupenda siku ile ile. Sufuria ya shaba ikafutwa vumbi, ikawekwa rafuni. Dhapu yeye aliendelea na karai, kwa sababu maji ya chuma ni makali na yaliukata ule unga ukawa maji. Chhitarmal alilalamika kwamba hata kwenye nyekundu unga huo hutambaa kidogo ukingoni mwa ua, lakini alilalamika kwa sauti ya chini.

Posa ya Sugna ilitoka Kaladera, kwa watu wa kazi hii hii, wenye uwanja mkubwa wa kuanikia. Kijana alikuwa mstaarabu. Kila mtu alifurahi, na Dhapu alifurahi kuliko wote, kisha akakaa akafikiri atafanya nini siku ya arusi, akaona hakuna. Manjano angepakwa bibi arusi na wanawake wenye waume. Hina vivyo hivyo. Kufungwa nyuzi, kuvishwa bangili, kulishwa kipande cha sukari guru mlangoni, yote hayo angeyafanya Narangi. Mjane hakaribii, hata awe ndiye aliyezaa. Sijui nani aliyetunga sheria hiyo, ila najua hakuwa mama. Mwanamke huyu alimkataa mume wa pili asimwache mwanawe, na kwa kumkataa huko ndiko akafungiwa nje ya arusi ya mwanawe.

Kilibaki kitu kimoja. Kwetu sketi ya bibi arusi hupigwa chapa nyumbani, nyekundu, maua mwili mzima, na Chhitarmal mwenyewe ndiye angegonga. Dhapu alitaka kupika rojo lake. Hakutaka zaidi ya hapo. Lingefuliwa lote, hakuna macho ambayo yangeliona, lakini yeye angejua kwamba kila ua kwenye mwili wa mwanawe limekaa mahali pake kwa sababu yake.

Asubuhi moja, Chhitarmal akiwa anakunywa chai, Dhapu alikaa nyuma ya nguzo, akavuta ushungi wake mpaka kidevuni, akamwambia bintiye, "Mwambie baba yako mkubwa, nina ombi. Rojo la sketi yako nipike mimi. Katika ile ya shaba. Nitaisugua kwanza kwa ukwaju na majivu, nitaoga, nitafunga."

Chhitarmal aliiweka chini chai yake. "Mwambie mama yako," alimwambia Sugna, "mimi sina neno. Lakini nyekundu ya arusi haina mzaha."

"Ana neno mwenye nyumba!" Narangi alisema kutoka jikoni. "Mwambie mama yako kuna gunia zima la unga wa Ahmedabad. Mashine haijafiwa na mume."

"Mama mkubwa!" Sugna akafoka.

"Nyamaza wewe. Ninakulinda wewe. Shangazi wa bwana arusi anakuja kukaa nasi, unataka akute nini?"

Dhapu aliinuka akaenda kukaanga kokwa zake. Alilia, ndiyo, lakini alilia juu ya moshi, na mtu anayelia juu ya moshi haulizwi.

Siku ya kupiga chapa, Phooli, shangazi wa bwana arusi, alikuwa ameshafika, mwanamke mnene mwenye macho yasiyopumzika. Uani kote kulijaa shughuli. Wasichana walikuwa wanabandika bendera za karatasi kwenye kamba. Dhapu alikuwa pembeni na karai lake, kwa sababu oda ya nyeusi haingojei arusi ya mtu, na rojo lilikuwa limeshaiva, jeupe, halijatiwa maji ya chuma. Sugna akaja na bakuli.

"Mama, nipe rojo, tunabandikia bendera."

"Chukua. Usimalize, baba yako mkubwa analitaka."

Sugna alichota bakuli likajaa pomoni. Akasimama. "Limeiva vizuri?"

"Tangu lini karatasi ikachagua rojo?"

"Nauliza tu." Akatabasamu, akamgusa mama yake begani kwa mkono wenye gundi, akaenda.

Baadaye kidogo sauti ya Chhitarmal ilisikika kutoka kwenye meza ya kugongea, yenye furaha ambayo haikuzoeleka. "Leo unga huu umebarikiwa! Njooni mtazame. Ua halijatambaa hata unywele mmoja." Rojo la nyekundu halina rangi, hutiwa udongo mwekundu kidogo tu ili mgongaji aone alipofika, na mstari wote mwekundu ulikuwa umekaa sawasawa. Dhapu alisikia, na nitasema ukweli wake: aliuonea wivu unga ule. Alikoroga karai lake akajiambia kwamba hata mashine imeupata mkono wake.

Nguo ikakauka, ikafuliwa, ikapelekwa kwenye pipa la shaba ambamo mizizi ya rangi ilikuwa inachemka. Hapo ndipo nyekundu huzaliwa. Wanawake walikaa kuzunguka wakiimba, Phooli akiwa mbele, Dhapu akiwa mbali kwenye kivuli cha ukuta. Chhitarmal alizungusha nguo kwa fimbo, akaizungusha tena, akaacha kuizungusha. Aliinyanyua.

Maua yalikuwa mazuri. Kila jani lilikuwa na ncha yake. Na yote, tangu pindo hadi kiunoni, yalikuwa hudhurungi.

Wimbo ulikatika vipande vipande, kwa kadiri kila mmoja alivyoona.

"Jamani," Phooli alisema, "hii ni nguo ya bibi arusi au ya mjane?"

Narangi alikuwa ameshageuka kuelekea ukutani. "Nilisema! Nilisema sikusema? Kivuli chake kimepita juu ya meza! Amekula mume, sasa anataka kula na mkwe!"

Dhapu hakumsikia vizuri. Alikuwa anaitazama rangi ile, na rangi ile aliijua. Haikuwa ya kivuli wala ya unga wa Ahmedabad. Ilikuwa ya karai lake. Katika nyumba ile hakuna mwingine aliyepikia kwenye chuma. Akakumbuka bakuli. Akakumbuka, limeiva vizuri? Akamtafuta Sugna kwa macho, akamwona amesimama na mikono mdomoni, uso umemwisha damu, na akaelewa kwamba mwanawe aliumwaga unga wa kiwandani, akaweka rojo la mama yake, akalitia shabu na udongo, ili mama yake awemo.

Sugna alishusha mikono. "Baba mkubwa," alisema, "si yeye. Ni mi—"

Dhapu aliona mbele. Phooli angerudi Kaladera na habari kwamba bibi arusi, kwa mkono wake mwenyewe, alitia ujane katika sketi yake ya arusi. Nani angempokea? Asingepokewa Kaladera, wala Sanganer, wala popote nguo inapogongwa.

"Ni mimi, kaka," Dhapu alisema.

Alilisema kwa sauti, moja kwa moja, kwa mtu ambaye miaka yote ile hakuwahi kumsemesha. Chhitarmal aliidondosha fimbo.

"Nilisubiri mlipokwenda kula, nikamwaga unga wenu, nikaweka rojo langu. Mlininyima, nikaiba. Mtoto hajui kitu."

"Mama, usi—"

"Wewe nyamaza, wakubwa wanazungumza!" Hakuwahi kumkaripia hivyo, na Sugna alinyamaza kwa mshangao kama mtu aliyepigwa.

Phooli alishusha pumzi. Mjane mwenye husuda ni jambo linaloeleweka, lina dawa. Alisema arusi itaendelea, itanunuliwa sketi nyingine Jaipur, lakini huyu mwanamke asilale tena chini ya paa hili mpaka bibi arusi awe ameondoka. Narangi aliinyakua nguo ikiwa bado inatoa mvuke, akamtupia Dhapu miguuni.

"Chukua. Rangi ni yako."

Dhapu aliiokota.

Alihamia kwenye kibanda kilichokuwa uwanja wa kuanikia wa Bagru, kando ya barabara ya kwenda Kaladera. Alfajiri Sugna alimfuata huko, miguu pekupeku, manjano ya arusi yamemkaukia usoni.

"Mama, kwa nini umesema uongo?"

"Uongo gani? Rojo lilikuwa la nani?"

"Mimi ndiye niliyeliweka! Walisema siku zote ni kwa sababu ya ujane. Nikasema ujinga huo haunipati. Nilitaka uwemo, mama. Hata kama linafuliwa. Nilitaka uwe umeshika."

"Ni chuma, mwanangu," Dhapu alisema taratibu. "Ni lile karai. Shabu na chuma havipikiki chungu kimoja. Ujane haumo kabisa."

Sugna alimtazama. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujazaliwa."

"Mbona hukuniambia?"

Dhapu alimsogelea. Angesema nini? Kwamba kwa ajili ya mkate laini, kwa ajili ya amani, aliacha jambo la kweli livikwe nguo ya uongo mpaka mwanawe akaukataa uongo na kweli ikaenda pamoja nao? Alimfuta manjano yaliyomkauka kwenye nyusi, akakumbuka kwamba hatakiwi kumgusa, akaendelea kumfuta.

"Rudi," alisema. "Watakutafuta."

Arusi ilifungwa. Dhapu aliisikia kwa ngoma tu, upepo ulipogeuka. Wakati huo alikuwa na sindano. Aliikata ile nguo, akaishona marinda mapana kama ya bibi arusi, siyo yale membamba ya wajane, kwa sababu nguo ilikuwa ya marinda mapana na hakuona haja ya kuiharibu. Alipita na kidole kwenye ua moja moja. Hakuna lililotambaa. Lilikuwa rojo zuri kuliko yote aliyowahi kupika, na hilo lilimuuma zaidi.

Asubuhi ya kuondoka kwa bibi arusi alioga, akaivaa, akatoka akasimama kando ya barabara kati ya nguo zilizoanikwa. Jeep ya maua ilionekana kwenye kona. Hapo akakumbuka lile lingine, kwamba mjane asikutane uso kwa uso na msafara wa arusi. Hakuwa analiamini. Sugna alishamweleza mara ngapi kwamba ni ujinga. Lakini baya likitokea lingeangukia kichwa cha Sugna, si chake, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huwezi kubahatisha kwa kichwa cha mwanao.

Akageuka. Aliipa barabara mgongo, akaiacha sketi itazame kwa niaba yake.

Aliisikia jeep ikikaribia. Aliisikia ikipunguza mwendo, na mtu akisema kitu kwa hasira, halafu sauti ya Sugna, bila ushungi, bila haya mbele ya wakwe, ikipasua vumbi.

"Mama! Mama, geuka!"

Dhapu alishika marinda kwa mikono miwili, akasimama hivyo mpaka mlio wa gari ulipokwisha. Alipogeuka, barabara ilikuwa tupu. Mtu alikuwa ameangusha maua, na mbuzi wa jirani walikuwa wameshafika wanayala.